Randall Jarrell, mchambuzi aliyekataa kuchosha wasomaji wa mashairi

Kitabu cha mashairi kinapotoka, mara nyingi habari yake ni ile ile: muandishi ana kipaji, lugha yake ni tamu, kila mtu akisome. Msomaji anafika mwisho bila kujua hata shairi moja linasema nini. Kesho yake amekwisha kusahau jina la kitabu.

Huko Marekani, mtu mmoja alikataa desturi hiyo. Randall Jarrell alizaliwa Nashville mwaka wa 1914. Alikuwa mtunga mashairi na mwalimu, na wakati wa vita ya pili ya dunia alitumika katika jeshi la anga. Kiisha vita, mwaka wa 1946, alishika kurasa za vitabu katika gazeti The Nation.

Aliandika kama mtu anayezungumza na rafiki yake mezani. Kitabu kibaya alikitania mpaka wasomaji wakacheka. Kizuri alikishangilia bila haya. Mwaka wa 1952, alipoandika juu ya Walt Whitman, ambaye wasomi wengi walikuwa wanamzarau, hakuleta hoja ndefu. Alipanga mistari ya Whitman mbele ya msomaji, akamwachia aone mwenyewe. Kwa Robert Frost, aliyejulikana kama mzee mpole wa mashamba, alitaja mashairi mazito yenye huzuni ambayo watu walikuwa wanayaruka.

Mwaka huo huo alilalamika kwamba uchambuzi umekuwa mkavu, kwamba wachambuzi wanaandikiana wao kwa wao huku msomaji wa kawaida amesahauliwa. Maandishi hayo yalikusanywa mwaka wa 1953 katika kitabu Poetry and the Age.

Ni kweli, ulimi wake ulichoma. Hakuna mtunzi anayefurahi kuchekwa gazetini. Hata hivyo, akisifu ao akikaripia, Jarrell alionyesha kwamba kitabu amekisoma. Alifariki mwezi wa Oktoba 1965, akigongwa na gari huko North Carolina, akiwa na miaka 51.

Jambo hili linagusa Kongo pia. Inchi haikosi watunga mashairi. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, anajulikana zaidi kwa riwaya yake Tram 83 ya mwaka wa 2014, lakini mashairi pia ni kazi yake. Ila kwenye ubatizo wa kitabu, mara nyingi hotuba zinasifu masomo ya muandishi, familia yake na wageni wa heshima. Mashairi yenyewe yanapata dakika chache. Kijana aliyelipa uchapishaji kwa pesa zake anarudi nyumbani na pongezi, bila kujua ni shairi gani lilishika watu na ni lipi liliwachosha.

Kwa kijana huyo, msomaji mmoja anayefika ukurasa wa mwisho na kusema wazi, "hili limenigusa, lile halina uhai", angemfaa kuliko hotuba kumi.