Je, Wajua?

Helmeti nyeusi ya Darth Vader katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ilianza kama bonge la udongo. Mchongaji Mwingereza Brian Muir alilifinyanga juu ya nakala ya plasta ya kichwa cha mwigizaji David Prowse. Kisha ikatengenezwa kalibu, na humo zikatolewa helmeti za faibaglasi.

Shida ya helmeti kubwa ni mabonde na mikunjo yake: kalibu ngumu ya kipande kimoja hunasa, haitoki. Ndiyo maana mafundi wengi wa leo hutumia silikoni, inayonyumbuka kama mpira. Tabaka la kwanza hupakwa jembamba kwa brashi, taratibu, ili kusibaki viputo vya hewa. Kiputo kimoja puani huzaa kipele katika kila nakala. Matabaka yanayofuata huwa mazito zaidi.

Lakini silikoni peke yake hulegea na kupoteza umbo. Kwa hiyo huvikwa ganda gumu la plasta au faibaglasi, lenye vipande viwili au zaidi vinavyofungwa kwa bolti. Kingo za vipande hivyo hupakwa mafuta ya mgando visije vikagandana.

Na je, helmeti inayoanzia mikononi mwa mchongaji ni sanamu? Mwaka 2011, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti za askari wenye deraya nyeupe wa filamu hiyohiyo ya Star Wars si sanamu kisheria, bali ni vifaa vya kutengenezea filamu.