OFA HUMFAIDI NANI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi hata kizuri kinajitembeza. Simama mjini Thika ama kwenye stendi ya Ruiru mwisho wa mwezi, utajionea mwenyewe. Utapewa karatasi zenye picha za unga na mafuta, na lori lenye spika litapita vijana wakicheza juu yake. Wote wana neno moja mdomoni: ofa! Katika makala haya nataka kueleza jinsi matangazo na ofa zinavyomvuta mnunuzi, na kwa nini nyumba nyingi hubaki bila pesa baada ya "kuokoa" pesa.

Kwanza, matangazo hutupa majina. Mtume mtoto dukani alete dawa ya meno, atasema, "Nipe Colgate," hata akipewa ya kampuni nyingine. Sabuni ya unga ni Omo, rangi ya viatu ni Kiwi, ya kupaka mkate ni Blue Band. Hapa Ruiru kuna hata mahali panapoitwa Kimbo, jina lile lile la mafuta ya kupikia. Mtu aliyesikia jina moja redioni tangu utotoni huona hilo ndilo la kweli na mengine ni bandia. Akifika mbele ya rafu, mkono hutangulia kabla kichwa hakijafikiri.

Pili, ni mpangilio wa duka lenyewe. Katika kioski za kwetu mtaani, muuzaji hukaa nyuma ya waya. Unataja unachotaka, unalipa, unaondoka. Hata Marekani maduka yalikuwa hivyo, mteja akiletewa vitu na muuzaji, hadi mwaka wa 1916, Clarence Saunders alipofungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis na kuwaacha wateja wajichukulie wenyewe. Maduka makubwa tunayoingia leo yalifuata mtindo huo. Mkate na maziwa mara nyingi huwekwa huko ndani kabisa, ili upite kwanza kwenye biskuti, sahani na viatu. Peremende nazo huwekwa karibu na keshia, chini kidogo, pale macho ya mtoto yanapofika. Mzazi akiwa kwenye foleni, mtoto analia. Nani atashinda hapo?

Tatu, ni bei. Kitu cha shilingi 500 huandikwa 499. Tofauti ni shilingi moja, lakini jicho linaona mia nne. Ujanja mkubwa zaidi ni bei iliyochorwa mstari. Katika duka moja ambalo sitalitaja, mwezi wa Desemba niliona begi la shule la shilingi 1,200. Januari, wazazi walipokuwa wakihangaika na karo na sare, begi lile lile lilikuwa na karatasi nyekundu: "Ilikuwa 1,800, sasa 1,299." Wazazi walikuwa wakiling'ang'ania, wakifurahi kwamba wameokoa shilingi 501. Ukweli ni kwamba walikuwa wameongeza shilingi 99. Mtu asiyejua bei ya jana hawezi kujua kama ya leo imepungua.

Nne, ni hofu ya kukosa. "Leo tu!" "Mpaka mali iishe!" Maneno haya hayamwachi mtu aende nyumbani akafikirie. Tazama Black Friday. Hiyo ni siku ya Marekani, Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani mwezi wa Novemba. Sisi sikukuu hiyo hatuisherehekei, lakini mauzo yake yametufikia. Tumeletewa Ijumaa bila Alhamisi yake!

Sasa tuulize, ofa humfaidi nani? Muuzaji hufaidika, maana anamaliza mali iliyokaa na kuvuta watu dukani. Mwenye pesa nyingi pia hufaidika, kwa sababu anaweza kununua katoni akaweka. Lakini nyumba nyingi za kwetu hununua kwa kadogo: mafuta ya kupimiwa ya shilingi 20, sukari ya leo, majani ya leo. Ukipiga hesabu kwa kilo, huyu wa kadogo mara nyingi hulipa zaidi. "Nunua tatu upate moja bure" haimsaidii, kwa sababu pesa ya hizo tatu hana. Na akijikaza akazinunua, atakosa ya mboga. Tuseme mama wa Ruiru anafuata ofa Thika. Mafuta yamepunguzwa shilingi 70, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 120. Amepoteza 50, na bado atarudi na sufuria ambayo hakuipangia. Rahisi ni ghali.

Sisemi kwamba ofa zote ni uongo, la hasha! Sabuni ambayo ungenunua hata hivyo, ikipungua bei kweli, inunue. Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na kinataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na yenye heshima. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, inayokataza kudanganya kwamba bei ina nafuu ambayo haipo.

Lakini sheria haitakushika mkono pale dukani. Wanafunzi wenzangu, tuwasaidie wazazi. Tuandike orodha kabla ya kutoka. Tuwe na daftari la bei za kawaida za vitu vya nyumbani. Hesabu ya darasani ifanye kazi jikoni. Tupige bei kwa kilo ama kwa lita, tuangalie tarehe ya kuharibika, kisha tujiulize: bila hiyo karatasi nyekundu, tungekinunua? Kama jibu ni la, hapo hatuokoi chochote. Pesa inayookolewa ni ile inayobaki mfukoni, si ile iliyoandikwa kwenye bango.