Mche Haujawa Mti

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100, na lengo la serikali ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hesabu za namna hii huhusu kinachoingia ardhini. Mkazi wa Nairobi anayetembea juani saa nane mchana ana hesabu nyingine: ni mingapi itakayofika kumpa kivuli?

Kazi ya mti mjini hufanyika kwenye jani. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyofunguka kuingiza hewa ya ukaa na papo hapo kuachia maji. Maji hayo yanapogeuka mvuke hunyonya joto la jani na la hewa inayolizunguka. Lita moja hunyonya nishati inayolingana na uniti 0.68 za umeme, uniti hizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Mti mkubwa uliopata maji ya kutosha unaweza kutoa lita 100 kwa siku yenye jua kali. Piga hesabu: karibu uniti 68 za joto zimeondolewa mtaani na hakuna aliyeletewa bili. Kivuli nacho huzuia lami na kuta zisihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku watu wanapotaka kulala. Vijana wa bodaboda hawajasomea haya, lakini stendi yao iko chini ya mti.

Mche wenye majani ishirini hauiwezi kazi hiyo. Utaiweza baada ya miaka mingi, ukipona, na mjini kupona si jambo dogo. Udongo wa kando ya barabara umeshindiliwa na magari na mashine za ujenzi hadi nafasi za hewa zimezibika, na mizizi inahitaji oksijeni. Kuna mbuzi. Kuna wanaochomea taka shinani, na hao ndio wabaya zaidi, kwa sababu chini tu ya gome ndipo ilipo njia ya kushusha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Gome likiungua au kuchunwa kulizunguka shina lote, mizizi hufa njaa huku majani yangali mabichi, na mwenye mti hutambua wakati umekwisha pita. Misumari ya mabango ya waganga haiui mti kwa siku moja, ila kila tundu ni mlango wa kuvu. 

Haya si mageni. Tarehe 5 Juni 1977 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliandamana kutoka katikati ya jiji hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Mitano ilikufa kwa kukosa matunzo. Vuguvugu la Green Belt lililozaliwa siku hiyo lilikuja kuwalipa akina mama senti chache kwa kila mche uliopona. Kwangu mimi, neno hilo "uliopona" ndilo lililobeba mradi mzima. Ukimlipa mtu kwa kuchimba shimo, atakuchimbia mashimo.

Kisha yalikuja mapambano ya msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, ambao miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti pale walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ulibaki, ila kwa miaka mingi watu waliuogopa kwa sababu ya wahalifu. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi kusimamia misitu pamoja na shirika la serikali, na hapo wakazi wakaunda chama cha Friends of Karura Forest. Ukajengwa uzio, wakawekwa walinzi, magugu ya lantana yakaanza kung'olewa, na mikaratusi ya kigeni ikaanza kupisha miti ya asili kama muhugu na mutamaiyo. Kuanzia 2014 mbega waliletwa kutoka Nyandarua. Mbega hula majani na huruka kutoka mti hadi mti, kwa hiyo wanapostawi ni ushahidi kwamba matawi yameungana kule juu. Siamini kuna ripoti ya ofisini inayoweza kupima msitu vizuri kuliko hivyo.

Mwaka 2020 barabara ya juu ya Nairobi ilipotishia mugumo wa Waiyaki Way, mti wa karibu miaka mia, wananchi walipiga kelele, na Novemba Rais wa wakati huo akaamuru uachwe. Wapo waliouliza kwa nini kelele zote hizo kwa mti mmoja wakati miche ipo tele kitaluni. Jibu ni ule wingi wa majani, na matunda yanayolisha ndege na popo, na nyigu wadogo wanaozaliana ndani ya matunda hayo na kuuchavusha mti.

Basi mvua zikija, kabla hujachukua mche mpya, tafuta uliopandwa mwaka jana mtaani kwenu. Palilia, tandaza majani makavu kuuzunguka bila kugusa shina, na mvua zikikatika umwagilie ndoo nzima mara moja au mbili kwa wiki badala ya kikombe kila siku, maana maji ya juujuu hufanya mizizi ibaki juujuu. Uvushe kiangazi cha kwanza na cha pili. Ukishazamisha mizizi, utajitafutia maji wenyewe.