Taa ya ABS Inapowaka Katika Motokaa Kuukuu

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza, wengine kwa barua na wengine wakitukuta kituoni siku ya kupima karafuu, juu ya ile taa ya manjano yenye herufi A, B na S inayowaka mbele ya dereva na kukataa kuzimika. Wengi wenu mna motokaa kuukuu za Kijapani, nazo zapenda sana kuwasha taa hii. Tulikusudia kujibu kwa maneno machache, lakini safari yetu ya Nansio imetuonyesha kwamba maneno machache hayatoshi.

Nansio ndio mji mkubwa wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Watu wa huko ni wa machungwa, mihogo na samaki. Dada yetu ameolewa huko, nasi tulikwenda kumwona. Asiye na motokaa aweza kupanda meli Mwanza mjini. Mwenye motokaa huzunguka kwa njia ya Bunda mpaka Kisorya, akavuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha akashika barabara ya Nansio. Mpwa wetu alikuja kutupokea Rugezi kwa Toyota Corolla ya mwaka 1999. Hiyo ndiyo riziki yake, kuchukua abiria wa kivuko. Taa ya ABS ilikuwa ikiwaka. Tulipomwuliza alicheka, akasema, "Mjomba, hiyo huwaka tangu nilipoinunua. Aliyeniuzia alisema ni pambo tu."

Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla hatujafika Nansio mbuzi wawili walikatisha njia, na nyuma yao mtoto akiwafukuza. Mpwa wetu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yalisimama, lakini motokaa haikusimama. Iliserereka juu ya tope, naye akizungusha usukani kushoto bila ya motokaa kumtii. Mtoto aliwahi kuruka kando, na motokaa ikaishia na pua yake ndani ya shamba la mihogo. Hakuna aliyeumia. Mihogo tuliilipa.

Yafaa kueleza kwa nini usukani haukufanya kazi. Gurudumu linalozunguka hufuata linakoelekezwa. Gurudumu lililoganda huteleza tu, hata ukiligeuza upande gani. Mtambo wa ABS ulitengenezwa kwa ajili ya kuzuia hayo. Asili yake ni katika ndege: katika miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilikuwa na chombo kiitwacho Maxaret, cha kuzuia magurudumu ya ndege yasigande wakati wa kutua. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa mtambo wa umeme katika motokaa kubwa za Mercedes-Benz, na tangu hapo ukaenea mpaka katika motokaa ndogo kama zetu.

Kazi yake ni hii. Karibu na gurudumu pana pete ya chuma yenye meno, na mbele yake sensa yenye sumaku. Meno yapitapo mbele ya sensa huzaliwa umeme mdogo, na kompyuta huhesabu mapigo yake ikajua kila gurudumu lazunguka kwa kasi gani. Ikiona moja lataka kuganda, hufungua vali ikapunguza nguvu ya mafuta ya breki katika gurudumu lile, kisha huirudisha, kisha hupunguza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Dereva husikia pedeli ikimtetemeka chini ya mguu. Wengi huogopa wakaondoa mguu. Usiuondoe, kandamiza vivyo hivyo huku ukiongoza usukani.

Basi taa ni mjumbe wa kompyuta ile. Ukiwasha swichi lazima iwake kwa sekunde chache, kisha izimike. Kompyuta ikikuta kasoro, huuzima mtambo wa ABS na kuiacha taa ikiwaka. Taa ya manjano ikiwaka peke yake, breki zako za kawaida zingali zipo, ila msaidizi wake amelala. Waweza kwenda polepole mpaka kwa fundi, ukiacha nafasi kubwa mbele yako, na gurudumu likiganda ulegeze mguu kisha ukanyage tena. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, nawe umekwisha kuishusha breki ya mkono, simama. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au ule mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umepotea. Motokaa ya namna hiyo haifai kuteremshwa mlima ikiwa na magunia, hata kama kituo cha karafuu ni pale tu.

Kuna madereva wasemao kwamba katika barabara za mchanga na changarawe ni afadhali bila ABS. Neno lao lina nusu ya ukweli. Gurudumu lililoganda hulundika mchanga mbele yake, na kwa hiyo huenda motokaa ikasimama katika nafasi fupi zaidi. Lakini huwezi kuiongoza, na sisi tuliokuwa ndani ya shamba la mihogo hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

Asubuhi ya pili tulikwenda kwa fundi. Wa kwanza aliitazama taa kupitia dirishani, hakufungua hata boneti, akasema pampu ya ABS imekufa. Bei aliyoitaja ingenunua ng'ombe wawili. Tulimwuliza amejuaje, akasema taa ndiyo inayosema. Tukaondoka. Taa hiyo haisemi ni kitu gani kilichoharibika mpaka uiulize, na namna ya kuiuliza ipo.

Fundi wa pili, mtu mzima mwenye maneno machache, alitazama kwanza mafuta ya breki, fyuzi, na nguvu ya betri. Kisha akafungua kisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi, akaunganisha TC na E1 kwa kipande cha waya, na kuwasha swichi. Hivi ndivyo zilivyo Toyota nyingi za miaka ya 1990. Taa ya ABS ikaanza kukonyeza: mara 3, ikanyamaza kidogo, kisha mara 1. Hiyo ni 31, yaani sensa ya gurudumu la mbele la kulia. Ingekuwa 32, ni la mbele la kushoto. 33 ni la nyuma la kulia, na 34 la nyuma la kushoto. 41 ni umeme wa betri usiokuwa sawa. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, haina la kusema. Lakini twawasihi wanachama wasijaribu mchezo huu bila ya kuwa na hakika ya matundu, kwa kuwa waya ukitiwa mahali pasipo pake huunguza vitu vya fedha nyingi.

Gurudumu likafunguliwa. Sensa ilikuwa imevikwa tope na unga wa chuma utokao katika breki. Fundi akaisafisha, akakanyaga pedeli zaidi ya mara 8 upesi upesi ili kufuta kumbukumbu, akautoa ule waya. Taa ikazimika. Mpwa wetu alianza kuimba, na katika kona ya kwanza taa ikawaka tena.

Hapo ndipo alipokumbuka kutuambia kwamba kila asubuhi huwa hivyo: huzimika, na akikata kona huwaka. Laiti tungalimwuliza mapema! Fundi alitikisa kichwa, akaunganisha mita ya umeme kwenye waya wa sensa. Ikasoma zaidi kidogo ya omu 1,000, nayo kwa sensa ya namna ile ni sawa. Akamwambia mpwa wetu azungushe usukani mpaka mwisho, na mita ikapotea kabisa. Waya ulikuwa umechomoka katika vishikizo vyake, ukafungwa kwa kipande cha mpira, na tairi likawa likiusugua kila kona. Nje ulionekana mzima. Ndani shaba ilikuwa imekatika. Motokaa ikienda sawa ncha ziligusana, ikipinda ziliachana. Na kompyuta ikishaona kasoro mara moja, haiurudishi mtambo mpaka uzime motokaa na kuwasha upya.

Fundi aliunga waya kwa risasi, akauviringisha vizuri na kuufunga mahali pake. Ilivyo hasa ni kubadili sensa pamoja na waya wake, naye mwenyewe alikiri hivyo. Lakini sensa haikupatikana Nansio siku ile. Gharama yote haikufika bei ya mbuzi mmoja. Jioni tulikwenda mahali peupe pasipo watu, barabara ingali na maji, mpwa wetu akakanyaga breki. Pedeli ikatetemeka, akageuza usukani, motokaa ikageuka.

Katika kisiwa chetu chumvi ya bahari huongeza lake. Kutu huingia chini ya pete yenye meno mpaka ikapasuka, au huinua sensa isikae karibu. Beringi iliyolegea nayo huichezesha pete. Ukibadilisha shafti ya gurudumu la mbele, hesabu kwanza kama mpya ina pete ile, maana ziuzwazo nyingine hazina, na taa itawaka siku hiyo hiyo. Tairi moja la saizi mbali laweza pia kuidanganya kompyuta. Pampu huharibika, hatukatai, lakini iwe ya mwisho kushitakiwa.

Nanyi mnaokwenda kununua motokaa, washeni swichi mkaitazame taa kabla ya kutazama rangi. Jirani wa dada yetu alijisifu kwamba taa yake haijawaka hata siku moja. Tulipowasha swichi kweli haikuwaka. Balbu ilikuwa imetolewa kabla hajauziwa.

Juzi mpwa wetu ametuletea habari kwamba taa ya manjano haijarudi, ila sasa ile nyekundu humwakia akiteremka kuingia kivukoni, kisha ikazimika akifika pa sawa. Tulimjibu saa ile ile asichukue abiria. Alipofungua magurudumu ya mbele alikuta pedi zimekwisha, chuma chasaga chuma, na mafuta ya breki yameshuka mpaka chini ya alama.