Nakivubo: Kwa nini moshi mweusi si kipimo tosha cha hewa chafu

Mtu anayeshuka teksi asubuhi Nakivubo, baina ya soko la Owino na vituo vikuu vya teksi vya Kampala, hujikinga na moshi anaouona. Hufunika pua kwa leso, hulilaani lori lililopita, kisha huendelea na safari akidhani hatari imekwenda nalo. Kumbe sehemu ya hatari hiyo haina rangi, na huenda ikatoka kwa wingi zaidi katika gari ambalo ekzosi yake inaonekana safi.

Hizo ni oksidi za naitrojeni. Takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, gesi tulivu isiyodhuru. Ndani ya silinda ya injini, joto kali huilazimisha kuungana na oksijeni. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: injini ya dizeli ikirekebishwa ili mafuta yaungue kwa joto zaidi na masizi yapungue, oksidi hizi kwa kawaida huongezeka. Askari wa trafiki anayetegemea macho atamkamata dereva mmoja na kumwacha mwingine.

Gesi inayotajwa zaidi na madaktari ni daioksidi ya naitrojeni, ambayo huwasha njia za hewa na kuzidisha pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango chake cha mwaka kinachopendekezwa kutoka mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo hadi 10.

Gesi inayotoa mwanga

Basi hupimwaje? Mbinu inayotegemewa huitwa kemiluminesensi. Katika meza yetu ya tafsiri neno hilo limetusumbua, na tumeridhika na "mng'ao wa kikemia". Mfano wa karibu ni kimulimuli, anayetoa mwanga bila kuungua.

Moshi kidogo huvutwa kutoka kwenye ekzosi na kuingizwa katika chumba kidogo, ukachanganywa na ozoni inayotengenezwa na mashine yenyewe. Oksidi yenye atomi moja ya oksijeni hunyakua atomi nyingine kutoka kwa ozoni na kuwa daioksidi. Baadhi ya molekuli mpya huzaliwa zikiwa na nishati ya ziada, nazo huitoa kama mwanga hafifu, mwekundu na ule uliopita wekundu, usioonekana kwa macho. Kifaa cha kukuza mwanga huupima. Ozoni ikiwa tele, mwanga ukiongezeka maradufu, gesi nayo imeongezeka maradufu.

Daioksidi iliyokwisha kuwamo katika moshi haing'ai. Kwa hiyo sampuli hupitishwa kwanza katika kibadilishi chenye joto kinachoirudisha kuwa oksidi ya kwanza, kisha jumla hupatikana. Kibadilishi kikichakaa, sehemu ya gesi hupotea katika hesabu na gari huonekana safi kuliko lilivyo. Mvuke wa maji na kaboni daioksidi navyo huiba nishati kabla mwanga haujatoka, hivyo mashine husahihishwa mara kwa mara kwa mtungi wa gesi ya kiwango kinachojulikana.

Mahali pa kupimia ni muhimu vilevile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walitoka na mashine za aina hii barabarani na kukuta gari moja la dizeli la Volkswagen likitoa oksidi hizi hadi mara 35 ya kiwango cha kisheria, ingawa gari hilo lilifaulu maabara. Septemba 2015 kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya udanganyifu.

Kampala haianzi bure. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umesambaza vifaa vya bei nafuu, vingine vikifungwa kwenye bodaboda. Lakini vifaa hivyo hupima hasa chembe za vumbi na masizi. Sheria ya mwaka 2018 nayo ilizuia kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Ni hatua njema, ila umri hausemi kama katalisti ya kusafisha moshi bado imo au imekwisha kung'olewa na kuuzwa.

Tena kinachotokea ndani ya mashine hutokea pia mtaani. Oksidi ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi katika ekzosi, hukutana na ozoni ya hewani na ndani ya dakika chache hugeuka daioksidi, teksi ikiwa imekwisha kuondoka na mchuuzi akiwa bado pale pale.