Je, Wajua? Programu Nayo Hupangiwa Siku ya Kufa

Je, wajua kwamba kompyuta yaweza kuwa nzima kabisa, ikawaka asubuhi bila shida, na bado ikahesabiwa kuwa imekwisha? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10, toleo lililotoka Julai 2015. Kuhamia Windows 11 hakuna malipo, lakini sharti mashine iwe na kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni hiyo. Prosesa nyingi za Intel zilizotoka kabla ya kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, hazimo. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kuishia jalalani kwa sababu hiyo. Hizo ni mashine zinazofanya kazi. Watu wamekasirika, na wana haki ya kukasirika.

Je, wajua hasa kinachokoma siku hiyo ni nini? Programu haizimiki. Kinachokoma ni viraka. Kila programu kubwa ina mianya ambayo walioiandika hawakuiona, na wezi wa mtandaoni huitafuta usiku na mchana. Microsoft huziba mianya hiyo kwa utaratibu, Jumanne ya pili ya kila mwezi, tangu mwaka 2003. Toleo jipya hurithi sehemu kubwa ya toleo la zamani, kwa hiyo kiraka cha toleo jipya kinapotolewa, mhalifu hukifungua, huona ni wapi palipozibwa, kisha huenda kupapima pahali hapo hapo katika toleo la zamani. Mara nyingi hukuta pako wazi. Ndiyo maana toleo lililoachwa huzidi kuwa hatari kila mwezi unaopita, hata kama mwenyewe hajagusa kitu.

Je, wajua kwamba “tumesitisha” huwa na maana moja kwa maskini na nyingine kwa tajiri? Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na huduma yake ikafungwa tarehe 8 Aprili 2014. Serikali ya Uingereza ikalipa pauni milioni 5.5 ili ofisi zake ziendelee kupata viraka kwa mwaka mmoja zaidi. Mwaka 2015 Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo likaingia mkataba wa zaidi ya dola milioni 9 kwa ajili ya XP na programu nyingine zilizopitwa na wakati. Viraka, basi, viliendelea kutengenezwa. Aliyekosa fedha ndiye aliyeambiwa vimekwisha.

Ubaya wa mpango huo ulidhihirika Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin kwa kila kompyuta. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi, na baadhi zikalazimika kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. Siku hiyo hiyo ya mashambulizi Microsoft iliamua kuwapa watu wote, bila malipo, kiraka cha XP, miaka mitatu baada ya kutangaza kuwa imemalizana nayo. Kilikuwa kimekwisha kutengenezwa kwa ajili ya wale waliokuwa wakilipia. Tuseme kweli: kompyuta nyingi zilizoambukizwa siku ile zilikuwa za Windows 7, ambazo kiraka chao kilitoka Machi na wenyewe hawakukiweka. Hata hivyo, kiraka kilichopo kabatini wakati mlango wa jirani uko wazi si jambo la kujivunia.

Je, wajua kwamba kelele za watumiaji zimewahi kusogeza tarehe? Windows 98 ilipangiwa kuachwa Januari 2004. Siku chache kabla ya tarehe hiyo kufika, Microsoft ikaongeza muda hadi katikati ya 2006. Na mwaka 2025, baada ya mashirika ya kutetea walaji barani Ulaya kushinikiza, wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa mwaka mmoja zaidi wa viraka vya Windows 10 bure. Watumiaji wa nyumbani wa kwingineko walitakiwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta zao kwenye huduma ya kampuni, au kutumia pointi za zawadi, au kulipa dola 30. Kompyuta ni ile ile na mwanya ni ule ule. Tofauti iliyopo ni kwamba wenzetu wana sheria na wana watu wa kuisemea.

Wapo wasiosubiri kuombewa. Mwaka 1994, ilipojulikana kuwa Microsoft inaachana na MS-DOS, mfumo wake wa zamani wa kuendesha kompyuta, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, Jim Hall, alitangaza kuwa ataandika mbadala wa bure. Ukazaliwa mradi wa FreeDOS, na bado unaendelea hadi leo.

Wengine hung'ang'ania programu zilizoachwa kwa njia za ajabu. Kampuni ya Adobe ilizika Flash, programu yake ya kuonyesha video na michezo kwenye tovuti, mwishoni mwa 2020. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ilikuwa bado na fomu za kodi zilizotegemea Flash, ikabidi itoe kivinjari chake yenyewe ili wananchi waweze kuzijaza. Na mnamo Novemba 2015 safari za ndege katika uwanja wa Orly, Paris, zilisimama kwa muda baada ya kuharibika kwa mfumo wa taarifa za hali ya hewa uliokuwa ukiendeshwa na Windows 3.1, programu ya mwaka 1992.

Huku kwetu jambo hili huingia kwa mlango wa simu. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0, Mei 2025 ikaziacha iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1. Ukichukua simu ya mtumba, unanunua na umri wake.

Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa simu janja watoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Serikali zetu zinaweza kudai hivyo hivyo, na zidai pia tarehe ya mwisho wa viraka iandikwe kwenye boksi, kama ilivyo kwa dawa na maziwa. Kabla hilo halijafanyika, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa fedha: “Hii itapata masasisho mpaka mwaka gani?” Asipojua, tafuta mwenyewe jibu kwenye tovuti ya mtengenezaji, ndipo mpatane bei.