Kinga ya Mwili Dhidi ya Saratani: Funzo Kutoka kwa Mbwa

Mbwa anayelinda shamba katika miteremko ya Uluguru akitokwa damu sehemu za siri kwa majuma kadhaa, mwenye mbwa hudhani ameumia au yuko kwenye joto. Huenda ana saratani ya kuambukiza ya viungo vya uzazi, ambayo huwapata hasa mbwa wanaozurura bila kufungwa.

Saratani nyingine karibu zote hufa pamoja na mgonjwa wake. Hii huhamisha seli zake hai kutoka mbwa hadi mbwa wanapopandana au kulambana. Mwaka 1876 daktari wa wanyama wa Urusi, Mstislav Novinsky, alithibitisha kuwa huweza kupandikizwa. Binadamu haimwambukizi.

Kwa nini kinga ya mwili haizitambui seli hizo ngeni? Ni kwa sababu huficha alama za utambulisho ambazo askari wa mwili huzitafuta. Hata hivyo, kwa baadhi ya mbwa alama hizo hurejea, chembe nyeupe za damu huuvamia uvimbe, nao hunywea. Kwa mbwa aliyedhoofika, saratani huweza kusambaa.

Tiba ya kinga hujaribu kulifanya kwa makusudi jambo hilo: kuuamsha mwili upigane wenyewe. Nchini Marekani, chanjo ya kutibu melanoma ya kinywani mwa mbwa ilipata kibali kamili mwaka 2010. Kwa binadamu, ugunduzi wa namna ya kuondoa breki za kinga uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Hata BCG, chanjo ya kifua kikuu wapewayo watoto wachanga, hutumika kutibu saratani ya kibofu cha mkojo.

Kwa saratani hii ya mbwa, dawa kuu ni vinkristini, sindano ya mshipani ya kila wiki. Wengi hupona kwa sindano 4 hadi 8. Dawa huua seli za saratani, na kinga ya mwili husaidia kumaliza kazi.

Kwa hiyo, mbwa mwenye dalili hizo asiuawe wala asiachwe. Afungwe, asipandane, na apelekwe kwa daktari wa mifugo au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Vinkristini ikitoka nje ya mshipa huozesha nyama, hivyo isidungwe na asiye na ujuzi. Anayesafisha mkojo na kinyesi cha mbwa aliye kwenye tiba avae glavu; mjamzito asiifanye kazi hiyo.